Skoliosisi ukubwani: operesheni ya mgongo imetajwa na wewe bado ni mtu wa mazoezi

Watu wengi wakishaambiwa mgongo wao umepinda wanatoka kwa daktari wa mifupa na namba moja tu kichwani. Digrii 48, digrii 53, digrii 61. Na kama we ni mtu wa kukimbia, wa kuogelea, wa kunyanyua vyuma au wa kucheza dansi, hiyo namba unalala nayo unaamka nayo, kwasababu ukishasikia "ikivuka 50 tutaongelea operesheni" basi mengine yote uliyoambiwa siku hiyo yanayeyuka. Mimi naona namba ina kazi yake, ila kwa mtu mzima siyo yenyewe inayoamua. Kuna swali lingine kubwa zaidi ambalo watu hawaliulizi mpaka wanachelewa, nalo ni hili: vyuma utakavyowekewa mgongoni kwenye operesheni vitaanzia pingili gani ya uti wa mgongo na kuishia pingili gani. Mtu wa mazoezi akipata jibu la hilo ndo anaanza kuelewa anaambiwa nini hasa.

Tuanze na namba kwanza maana ndo inayochanganya. Inaitwa kipimo cha Cobb, kutokana na daktari Mmarekani John Cobb aliyekieleza mwaka 1948. Daktari anachukua picha ya eksirei ndefu uliyopigwa ukiwa umesimama, anatafuta pingili iliyolala zaidi upande wa juu wa kona, yaani pale mgongo unapopinda, na iliyolala zaidi upande wa chini, anachora mstari kwenye uso wa juu wa ile ya juu na mstari mwingine kwenye uso wa chini wa ile ya chini, alafu anapima pembe kati ya hiyo mistari miwili. Ikifika digrii 10 na kuendelea ndo inaitwa skoliosisi. Ni kipimo kizuri ila kinayumba, wapimaji wawili kwenye picha ileile wanaweza kupishana digrii 5 hivi, kwa hiyo mtu aliyekuwa 47 mwaka jana na mwaka huu kaambiwa 50 asianze kulia, inawezekana kabisa hakuna kilichosogea. Angalia pia picha ilipigwaje. Ukiwa umelala mgongo unajinyoosha kidogo na digrii zinapungua, sasa ukilinganisha picha ya kusimama na ya MRI uliyopigwa umelala utapata hadithi ambayo haipo.

Kitu kingine ni kwamba namba hiyo inaangalia mgongo kwa mbele tu. Skoliosisi yenyewe haipindi pembeni peke yake, pingili zinajizungusha pia, ndo maana ukiinama upande mmoja wa mbavu unatuna kuliko mwingine. Na kuna picha ya ubavuni ambayo kwa mtu mzima mara nyingi ina uzito kuliko ya mbele, kwasababu inaonyesha kama kichwa chako bado kimekaa juu ya nyonga au kimeanza kwenda mbele. Mtu anaweza kuwa na digrii nyingi kwa mbele lakini kwa ubavuni amesimama vizuri na anakimbia zake bila shida, na mwingine ana digrii chache lakini kiwiliwili kimeegemea mbele, misuli ya mgongo na mapaja inafanya kazi kutwa nzima kumzuia asianguke, jioni amechoka hajiwezi. Tafiti za miaka ya 2000 zilionyesha hivyo, kwamba kadri mtu anavyozidi kuegemea mbele ndivyo maumivu na shida za kila siku zinavyozidi, kuliko ukubwa wa kona ya pembeni. Kwa hiyo ukiambiwa digrii zako, uliza papo hapo: na kwa ubavuni je?

Sasa skoliosisi ya mtu mzima iko ya namna mbili kubwa na ni vizuri ujue yako ni ipi. Ya kwanza ni ile uliyokuwa nayo tangu ujanani, labda ilionekana labda haikuonekana, umekua nayo. Ya pili inaanza ukubwani, mara nyingi baada ya miaka 50, diski (vile vimto laini kati ya pingili na pingili) na viungo vidogo vya nyuma ya mgongo vinachakaa upande mmoja kuliko mwingine, kiuno kinaanza kulala. Hii ya pili digrii zake huwa siyo kubwa lakini maumivu ya miguu ni mengi, kwasababu njia za mishipa ya fahamu zinabanwa. Na wapo wenye zote mbili, kona ya zamani iliyoongezewa uchakavu.

Kwa wale wa namna ya kwanza, waliokuwa nayo tangu ujanani, kuna habari ambayo nadhani kila mmoja angetakiwa kuisikia kabla hajasikia neno operesheni. Kule Iowa, Marekani, waliwafuatilia watu wenye skoliosisi ya ujanani ambao hawakutibiwa kabisa, wakawafuatilia miaka 50, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Walikuwa watu 117, wakalinganishwa na wengine 62 wasio na shida hiyo. Wengi walikuwa wameishi maisha ya kawaida, kazi, ndoa, watoto. Maumivu ya mgongo ya kudumu walikuwa nayo asilimia 61 dhidi ya asilimia 35 ya wale wengine, kwa hiyo maumivu yapo na tusidanganyane, lakini wengi wenye maumivu walisema ni madogo au ya wastani. Kushindwa kupumua vizuri kulihusiana na kona kubwa sana za kifuani, yaani za sehemu ya mgongo yenye mbavu, zaidi ya digrii 80. Utafiti wao wa nyuma yake, wa mwaka 1983, ndo uliotupa ile habari ya digrii 50: kona zilizokuwa chini ya 30 mtu alipomaliza kukua kwa kawaida hazikuendelea, na za kifuani kati ya 50 na 75 ziliendelea kama digrii 1 kwa mwaka. Sasa piga hesabu. Mtu wa miaka 25 mwenye 55 na kona inayotembea hivyo ana miongo mingi mbele yake, akifika 60 yuko mbali sana. Mtu wa miaka 55 mwenye hizohizo 55 ambazo hazijasogea miaka kumi hesabu yake ni nyingine kabisa. Namba ileile, maamuzi mawili tofauti.

Kwa mtoto anayekua daktari anafanya operesheni kuzuia kona isiendelee, mara nyingi mtoto mwenyewe hata haumwi. Kwa mtu mzima sababu zinabadilika, operesheni inafanywa kwasababu ya maumivu ambayo yamekataa matibabu mengine, au mishipa ya fahamu inabanwa, au mtu anapoteza uwezo wa kusimama wima, au picha za miaka kadhaa zinaonyesha wazi kona inaendelea. Yaani swali linatoka kwenye picha linakuja kwenye maisha yako, nini umeanza kushindwa kufanya. Kama jibu lako ni "sijashindwa kitu, nakimbia kama kawaida, ila namba inanitisha", hilo ni jibu la maana sana na daktari mzuri atalisikiliza.

Na hapa niseme kuhusu michezo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba kukimbia au kuogelea ndo kunapindisha mgongo zaidi. Usain Bolt ameeleza mwenyewe hadharani kwamba ana skoliosisi, na ndo mtu mwenye rekodi ya dunia ya mita 100. Lamar Gant wa Marekani alikuwa na mgongo uliopinda waziwazi, na mwaka 1985 alinyanyua kutoka chini uzito mara tano ya uzito wa mwili wake. Siwataji ili ujilazimishe, mwili wako siyo wao, nawataja kwasababu watu wanaacha mazoezi siku wanayopewa majibu, wanakaa, misuli inalegea, miezi sita baadaye maumivu yameongezeka na wanadhani ni kona imeongezeka. Punguza kinachokuuma, badilisha, ila usiache.

Haya, operesheni yenyewe. Ile ya kawaida unalazwa kifudifudi ukiwa na nusu kaputi, mgongo unafunguliwa katikati, misuli inasogezwa pembeni, alafu kwenye kila pingili iliyochaguliwa wanaingiza skrubu mbili, kulia na kushoto. Skrubu zinashikwa na fito mbili ndefu, za titaniamu au kobalti na kromu, na kwa kutumia hizo fito mgongo unavutwa na kuzungushwa urudi karibu na mahali pake. Mara nyingine kuna kukata mfupa ili upate kulegea, mara nyingine wanaingia pia kwa mbele au ubavuni kuweka nafasi palipokuwa na diski iliyochakaa. Muda wote huo kuna mtu anayefuatilia umeme wa mishipa ya fahamu kutoka kichwani mpaka miguuni, ishara zikishuka anasema na daktari anasimama. Ni kazi ya saa nyingi.

Lakini sehemu ambayo watu hawaielewi ni hii: vyuma siyo tiba ya kudumu, vyuma ni vya kushikilia tu. Tiba ni mfupa. Wanakwangua viungo vidogo vya nyuma, wanaweka vipande vya mfupa, na kazi ya miezi inayofuata ni hizo pingili kuota na kuwa mfupa mmoja. Zikiungana, vyuma vinapumzika. Zisipoungana, kila hatua unayotembea inavikunja kidogo vyuma, na chuma ukikikunja mara nyingi kinakatika kama waya, hata kama ni titaniamu, inaweza kuchukua mwaka, miwili, zaidi. Ukielewa hilo utaelewa kwanini daktari anakusumbua na sigara. Nikotini inaharibu uungaji wa mfupa, madaktari wengi hawakugusi mpaka umeacha, na hapo usijidanganye na ile ya mvuke maana nikotini ni nikotini. Utaelewa pia kwanini wanapima uzito wa mifupa na vitamini D, skrubu kwenye mfupa mwepesi haina pa kushika.

Sasa ndo turudi kwenye swali letu la pingili gani mpaka pingili gani, na hapa naomba usome taratibu.

Chini ya shingo una pingili 12 za kifuani na 5 za kiunoni, chini yake kuna mfupa unaokaa katikati ya nyonga. Za kifuani zimefungwa na mbavu, hazikunjiki sana, kazi yao kubwa ni kuzunguka, kama unapogeuka kuangalia nyuma. Za kiunoni hazizunguki sana ila ndo zinazokunja, kuinama mbele na kurudi nyuma, na sehemu kubwa ya kuinama huko inatoka kwenye viungo viwili vya chini kabisa. Kwa hiyo mtu aliyeunganishwa kifua peke yake, vyuma vikaishia pale kifua kinapokutana na kiuno, baada ya kupona anaweza kufanya karibu kila kitu, anayekaa pembeni yake hawezi hata kujua. Anayetupa, anayecheza gofu au tenisi atasikia kupungua kwa mzunguko ila nyonga na mabega vinasaidia. Vikishuka mpaka pingili ya tatu au ya nne ya kiuno, kuinama kunapungua kweli na viungo vilivyobaki chini vinabeba kazi ya wengine wote. Vikienda mpaka chini kabisa na skrubu ndefu kuingia kwenye mfupa wa nyonga, ambayo ni kawaida kwa mtu mwenye kiuno kilichochakaa, basi kiuno hakikunji tena. Kuinama kote kunatoka kwenye viungo vya mapaja.

Kuna jaribio dogo unaweza kufanya leo nyumbani kama mgongo unakuruhusu. Kaa ukingoni mwa kitanda, mwombe mtu akushikie fimbo ya fagio iguse nyuma ya kichwa, katikati ya mabega na juu ya makalio, alafu jaribu kuvaa soksi bila fimbo kuachia sehemu yoyote kati ya hizo. Utajikuta unavuta mguu kuja juu ya goti la pili, au unaulaza pembeni, au unashindwa. Jaribu kuokota kitu sakafuni hivyohivyo, jaribu kukata kucha za miguu, jaribu kunyanyuka kutoka chini. Na kuna jambo ambalo watu wanaona aibu kuuliza: kujisafisha chooni. Aliyeunganishwa mpaka nyongani, hasa mwenye mikono mifupi, anaweza kuhitaji kujifunza upya au kutumia kifaa cha kufikia. Uliza kabla. Hilo siyo jambo dogo, ni la kila siku ya maisha yako yote, na daktari ambaye anafanya operesheni hizi ameulizwa mara nyingi.

Ila sitaki nikutishe upande mmoja. Wengi wanaofika kwenye operesheni kubwa kiuno chao kilishakakamaa kwa uchakavu, kwa hiyo mwendo wanaoupoteza ni mdogo kuliko wanavyodhani, na wakipimanisha na kutembea bila mguu kuwaka moto wanaona wamepata. Anayepoteza zaidi ni yule ambaye kiuno chake bado kinakunjika vizuri. Ndo maana kwa kijana wa miaka 30 mwenye diski nzuri, kusubiri kuna gharama yake pia: kona ya kifuani ikiachwa iendelee ikavuta kiuno nacho, operesheni ambayo ingeishia juu inaweza kuja kushuka chini. Hii kwangu ndo sababu nzito kuliko zote ya mtu mwenye nguvu zake kukubali mapema, na uzito wake unategemea kama picha zinaonyesha kweli kona inatembea.

Na hata daktari mwenyewe anapasuka kichwa kuchagua pa kuishia. Akiishia juu kidogo akuachie mwendo, diski iliyobaki chini inaweza kuchakaa na urudi baada ya miaka. Akishuka mpaka chini kukwepa hilo, amekuchukulia mwendo leo. Kwa upande wa juu pia, pingili inayofuata baada ya vyuma kuisha inaweza kulemewa ikainama mbele, ni tatizo linalojulikana sana kwa watu wazima. Ndiyo maana madaktari wawili wazuri wanaweza kuangalia picha zako na kukupa mipango miwili tofauti na wote wasiwe wamekosea. Nenda kwa wa pili. Usione haya, kwa operesheni ya ukubwa huu ni kawaida.

Kulikuwa na enzi ambapo picha ya ubavuni haikutiliwa maanani. Daktari Paul Harrington wa Houston alianza kutumia fito za chuma kwa watoto waliopindishwa mgongo na polio, akachapisha kazi yake mwaka 1962, na ilikuwa hatua kubwa mno. Fito zake zilinyoosha kwa kutanua. Lakini zilipofika kiunoni zilifuta ule mbinuko wa asili, na wengi miaka mingi baadaye wakajikuta hawawezi kusimama wima bila kukunja magoti. Hao ndo waliofundisha madaktari wa leo kwamba kunyoosha kwa mbele ukaharibu kwa ubavuni siyo kunyoosha. Ukikutana na mtu aliyefanyiwa miaka ya 1970 akakusimulia mateso yake, msikilize kwa heshima, ila jua kwamba mbinu hiyo siyo unayopewa leo.

Tuje kwenye hatari, na hapa nataka namba zisemwe kama zilivyo. Operesheni hii kwa mtu mzima ina matatizo mengi kuliko kwa kijana wa miaka 14, hilo halina ubishi. Utafiti mmoja wa mwaka 2011 uliangalia watu 206 kwa umri, ukihesabu matatizo makubwa na madogo ndani ya miaka miwili: wa miaka 25 mpaka 44 waliopata tatizo lolote walikuwa asilimia 17, wa 45 mpaka 64 asilimia 42, wa 65 mpaka 85 asilimia 71. Inatisha, sivyo? Lakini utafiti huohuo ulikuta wale wazee ndo waliopata nafuu kubwa zaidi, kwasababu waliingia wakiwa na hali mbaya zaidi. Kuhusu mishipa ya fahamu, uchunguzi mwingine uliofuatilia operesheni nzito hasa, za migongo migumu, ulikuta kama asilimia 22 waliondoka hospitali nguvu za miguu zikiwa zimepungua kuliko walivyoingia, na baada ya miezi sita waliobaki hivyo walikuwa kama asilimia 11. Hizo ni kesi nzito, kesi nyepesi ziko chini ya hapo, ila namba kama hizi daktari anatakiwa akupe za kwake yeye, kwa watu wa umri wako, siyo za watoto. Mengine ni usaha, damu kuganda, utando wa maji ya mgongo kuchanika, fito kukatika, na uwezekano wa kurudi tena chumba cha upasuaji miaka inayofuata. Uliza hilo la mwisho waziwazi.

Na faida je? Kuna utafiti wa Marekani Kaskazini uliotoka 2019 wa watu 286 wa miaka 40 mpaka 80 wenye kona ya kiunoni inayouma. Walitaka kulinganisha operesheni na kutofanya operesheni kwa kupanga kwa bahati nasibu, lakini ikawa ngumu, wengi waliopangiwa wasifanyiwe wakaishia kufanyiwa. Ukiangalia kila mtu kwa alichofanyiwa kweli, waliofanyiwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miaka miwili. Waliobaki bila operesheni wengi walibaki palepale, hawakupona ila hawakuharibika sana pia. Mi hapo nasoma mambo mawili kwa pamoja: kama maisha yako ya sasa hayavumiliki, matibabu ya kusubiri huenda yasikuvushe, na kama yanavumilika, una muda.

Muda huo utumie. Fiziotherapia haitanyoosha mgongo wa mtu mzima na anayekuahidi hivyo, awe na mkanda, mashine au mikono ya kuvunjavunja, muage mapema. Inachofanya ni kuimarisha misuli inayokubeba, kukufundisha kupumua na kukaa vizuri, kupunguza maumivu. Kuna mazoezi maalumu yaliyoanzishwa na Katharina Schroth wa Ujerumani miaka ya 1920, yanajulikana kwa jina lake, wengi yanawasaidia kwa maumivu na kwa kujijua mwili. Sindano karibu na mshipa uliobanwa zinaweza kutuliza mguu kwa muda. Na hata ukiishia kwenye operesheni hujapoteza kitu, mapaja yenye nguvu, makalio yenye nguvu na nyonga zinazokunjika vizuri ndo mgongo wako mpya utakavyoinama. Mtu wa mazoezi hapa ana faida kubwa na aijue.

Ila yapo mambo ambayo hayasubiri. Ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, mkojo kugoma au kutoka bila kujua, mguu kulegea ghafla, hayo nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na yapo yanayosema panga miadi mapema: kutembea kidogo miguu inawaka au inakufa ganzi ukikaa inaachia, nguo kuanza kukaa vibaya upande mmoja, kimo kupungua, watu kukuambia umeanza kuegemea.

Baada ya operesheni wengi wanasimamishwa siku inayofuata au ya pili yake. Unafundishwa kugeuka kitandani mwili mzima kwa pamoja bila kujipinda. Wiki za kwanza zoezi lako ni kutembea tu, mara nyingi kwa siku, kidogokidogo, na miezi kama mitatu hivi hakuna kuinama, kujipinda wala kunyanyua kitu kizito. Kwenye maji mpaka kidonda kifunge kabisa na daktari aruhusu. Baiskeli ya ndani kwa wengi inarudi kabla ya kukimbia, kukimbia mara nyingi ni kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili, inategemea umeunganishwa wapi na mfupa umeota kiasi gani. Stacy Lewis, mcheza gofu Mmarekani, aliwekewa fito na skrubu tano akiwa kijana, akaja kushika namba moja ya dunia mwaka 2013. Alikuwa kijana na pingili zake zilikuwa chache, kwa hiyo usijipime naye kama uko 50 na unaunganishwa mpaka nyongani, ila inaonyesha mgongo wenye vyuma siyo mgongo wa kukaa.

Hatari ya watu wa mazoezi ni tofauti na ya wengine. Wengine wanaogopa kusogea, wao wanajisikia vizuri mwezi wa tatu na wanarudi jimu kimyakimya, wakati mfupa bado. Maumivu kuisha siyo ushahidi kwamba pingili zimeungana, picha ndo ushahidi. Na kuna lile la moyoni, kama mazoezi ndo yalikuwa yanakutuliza akili, miezi hiyo unakaa bila dawa yako, wengi wanaanguka roho kwenye wiki ya nne au ya sita pale wageni wameacha kuja na maumivu bado yapo. Mwambie daktari, mwambie mwenza wako kabla, pangeni nani atakuwa nyumbani na wewe mwezi wa kwanza, nani atakufunga viatu.

Miadi ijayo nenda na mtu wa kuandika, kwasababu wewe mwenyewe utasikia nusu. Uliza vyuma kutoka wapi mpaka wapi na kwanini siyo pingili moja juu. Uliza nikisubiri mwaka mmoja nini kinaweza kubadilika kwenye mpango huo. Uliza amefanya watu wazima wangapi na wangapi wamerudi. Mtajie mchezo wako kwa jina na umuulize nini hasa kwenye huo mchezo hakitarudi. Na omba nakala ya picha zako zote za kusimama, za mbele na za ubavuni, uzihifadhi mwenyewe, maana daktari wa pili atazihitaji, na bila picha ya zamani hakuna anayeweza kukuambia kama mgongo wako unasogea.